Herufi Nene Katika Mabango ya Chama



Bango la bei kwenye kituo cha kununulia mazao si pambo la ukuta. Ni shahidi wa mkulima. Mwanachama aliye nyuma ya foleni, akiweza kujisomea bei ya kilo moja, hategemei kauli ya karani wa mizani. Asipoweza kuisoma, chama kimetundika bango lakini hakijatoa taarifa. Kwa hiyo unene wa herufi ni jambo la haki, na katibu anayepeleka kazi kwa fundi wa stika hana budi kulielewa.

Mashine ya kukatia stika haichapi wino. Huongoza kisu kidogo juu ya plastiki yenye gundi, nacho hufuata mstari wa ukingo wa kila herufi. Kisu hakitambui unene wa mstari. Hutambua njia tu. Hapo ndipo fedha za vyama hupotelea. Fundi asiye mzoefu huunenepesha mstari unaoizunguka herufi, na kwenye kioo cha kompyuta herufi huonekana imenona. Kazi ianzapo, kisu hufuata njia ile ile ya awali. Herufi hutoka nyembamba kama zamani, na plastiki imekwisha katwa.

Njia zilizo sahihi ni mbili. Ya kwanza, nayo ndiyo bora, ni kuchagua aina ya herufi iliyobuniwa nene tangu mwanzo, kwa kuwa mbunifu wake amekwisha kupima nafasi za ndani ya "a", "e" na "o" zisizibe. Ya pili ni kuyageuza maandishi kuwa mchoro, kisha kuusogeza ukingo wake nje kwa kipimo maalumu. Inkscape, programu isiyolipiwa iliyotolewa mwaka 2003, ina uwezo huo. Ikumbukwe kwamba maandishi yakishageuzwa mchoro hayasahihishwi tena kwa kupiga chapa. Basi tahajia na tarakimu zihakikiwe kwanza, na nakala ya awali ihifadhiwe.

Kanuni ya mafundi ni kwamba herufi ya milimita 25 husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 hivi. Foleni ya mita 12 yahitaji herufi za milimita 100. Tuseme mguu wa herufi hiyo una unene wa milimita 10. Ukingo ukisogezwa nje milimita 2 kila upande, mguu huwa milimita 14. Lakini kimo nacho hufika milimita 104, tundu la "o" hupungua milimita 4, na pengo la milimita 8 kati ya herufi mbili hubaki milimita 4. Kwa sababu hiyo herufi zitanuliwe nafasi. Zikigusana, ziunganishwe ziwe umbo moja, la sivyo kisu kitapita katikati na kuzikata vipande.

Unene nao una mpaka. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kuhusu mabango ya majengo ya umma vyataka unene wa herufi kubwa "I" uwe kati ya asilimia 10 na 30 ya kimo chake. Herufi iliyonenepeshwa kupita kiasi huziba matundu, na tarakimu 3 au 6 ikaonekana kama 8. Kosa la namna hiyo katika bei si dogo.

Basi kila katibu, kabla ya kuidhinisha malipo, aagize neno moja na tarakimu chache za majaribio. Zibandikwe ubaoni, zipimwe mita 12, kisha aitwe mwanachama mzee azisome kwa sauti. Akizisoma bila kusita, kazi iendelee. Akisita, fundi arudie. Gharama ya kipande kimoja cha stika ni ndogo kuliko gharama ya mkulima asiyejua bei ya jasho lake.