Akiba Haiozi, Lakini Embe Huoza

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Msafiri atokaye Lindi au Mtwara kwenda Masasi, akishapita Mingoyo, Mtama na Nyangao, hufika Nanganga, mahali ambapo barabara inagawanyika na tawi moja kushika njia ya Ruangwa. Ukipita hapo msimu wa maembe, basi halijasimama sawasawa madirisha yamekwisha zungukwa na mabeseni. "Chukua, baba! Chukua yote, mama, nitakuongeza!" Asubuhi bei iko juu. Jua likifika utosini imeshuka. Jioni muuzaji yuko radhi kukuachia beseni zima kwa bei ya kipande cha sabuni, maana anajua kwamba usiku huo huo mwembe wake utadondosha mengine. Yasiyonunuliwa hurudi nyumbani, na baada ya siku 2 wateja wake ni nzi.

Pita tena njia hiyo hiyo mwezi wa Aprili. Embe hakuna. Ndani ya nyumba kuna ugali wa muhogo na mlenda, na watoto wanaulizana kama leo kuna kitu cha kuchangamshia ulimi. Dukani, juu ya rafu, imesimama chupa ya achari ya maembe iliyotoka kiwandani, mbali. Aliyeuza embe kwa bei ya sabuni hana uwezo wa kuinunua.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, lakini embe huoza. Kwa hiyo mtu anayetaka embe liwe akiba, lazima kwanza aligeuze kuwa kitu kingine. Juu ya jambo hilo ndipo nataka tuzungumze leo: kutengeneza achari nyumbani na kuihifadhi katika chupa.

Wapo watakaocheka. Watasema achari ni chakula cha mjini, cha watu wa pilau na biriani. Ni kweli kwamba neno achari limetufikia kwa njia ya bahari, pamoja na biashara ya Uajemi na Uhindi. Lakini kuhifadhi chakula si jambo geni kwetu hata kidogo. Nani aliyewafundisha bibi zetu wa Masasi na Newala kumenya muhogo, kuukausha na kuuita makopa? Nani aliyewafundisha kuyaanika mabibo yakawa kochoko, wakayala wakati wa shida? Walijua kwamba kinachooza ni kile chenye maji, na wakayaondoa maji. Achari ni mtoto wa ujuzi huo huo. Badala ya kutegemea jua peke yake, tunaongeza chumvi na siki.

Hata Wazungu hawakuzaliwa na ujuzi wa makopo. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimlipa mpishi mmoja, Nicolas Appert, faranga 12,000 kwa sharti kwamba aitangaze hadharani njia yake ya kuhifadhi chakula. Njia yenyewe ilikuwa nyepesi: alijaza chakula katika chupa nene za kioo, akaziziba vizuri, akazichemsha ndani ya maji. Appert alijua kwamba inafaa, lakini hakujua ni kwa nini. Ilipita miaka kama 50 kabla ya Louis Pasteur kuonyesha kwamba vinavyoharibu chakula ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba moto huviua. Kwa hiyo usione haya, mama, kama unaanza na sufuria moja na chupa 3. Aliyeanzisha kazi hii naye alianza na chupa na maji ya moto.

Ndugu wasikilizaji, sasa tuseme wazi jambo ambalo wengi hukosea. Watu hudhani kwamba chupa ndiyo inayohifadhi. La hasha! Chupa ni nyumba tu. Wanaohifadhi ni chumvi, ukali wa siki, na usafi. Wataalamu wana kipimo cha ukali huo kiitwacho pH, na kadiri kitu kinavyokuwa kichachu ndivyo namba yake inavyokuwa ndogo. Chakula chenye kipimo kilicho chini ya 4.6 hakimpi nafasi kijidudu kibaya kuliko wote, kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho hupenda kukaa mahali pasipo na hewa, kama ndani ya chupa iliyozibwa. Sumu yake inaweza kuwamo bila harufu na bila dalili, nayo huua. Embe bichi, ndimu na limau ni vichachu kwa asili yake, na siki huongeza. Ndiyo maana mama wa kijijini anaweza kuvihifadhi kwa usalama kwa sufuria ya kawaida. Lakini kunde, mahindi mabichi, samaki na nyama si vichachu. Hivyo, tafadhali, usivitie kwenye chupa kwa njia hii. Vinataka mtambo wa kuchemshia kwa shinikizo la mvuke, na nyumbani hatuna. Hivyo vikaushwe kama tulivyozoea.

Sasa kazi yenyewe. Chukua maembe mabichi, magumu, yasiyo na michubuko. Embe lililoanguka na kupasuka ni la kula leo, si la achari. Yaoshe, yafute yakauke, kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, tupa kokwa. Kwa kilo 2 za vipande tia chumvi gramu 300, yaani zaidi kidogo ya nusu ya pakiti ya nusu kilo, na vijiko 2 vya manjano. Changanya ndani ya bakuli la kioo, chungu, au ndoo safi ya plastiki ya chakula. Usitumie sufuria ya aluminiamu kulazia, kwa sababu chumvi na uchachu huila sufuria, na sufuria ikiliwa mlaji ni wewe. Funika kwa kitambaa, weka kivulini siku 2 au 3, na kila siku geuza kwa mwiko mkavu. Utaona maji yanatoka yenyewe.

Maji hayo yachuje. Vipande vitandaze kwenye ungo safi, juu yake weka chandarua au kitambaa chepesi cha kuzuia nzi, anika jua la siku moja. Kisha chemsha siki ya dukani, yenye ukali wa asilimia 5, pamoja na kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi, pilipili, haradali, na uwatu kidogo kama unao. Lita moja kwa kawaida hutosha. Usiiongeze maji hata kidogo ili iwe nyingi. Tia vipande, vichemke mara moja, epua.

Chupa ziwe za mdomo mpana, zimeoshwa kwa sabuni na kuchemshwa. Jaza achari ingali ya moto, bakisha nafasi ya nusu kidole juu, hakikisha siki imefunika vipande vyote, futa mdomo wa chupa, ziba. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, panga chupa, mimina maji ya moto hadi yazizidi chupa kwa vidole 2, chemsha dakika 15. Zitoe, ziache zipoe zenyewe mahali pasipo na upepo. Kesho yake bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kisichoruka kimeshika. Kinachobonyea na kuruka hakikushika, na chupa hiyo ianze kuliwa. Baada ya juma 2 au 3 achari imekolea.

Pengine mama mmoja wa Newala ananisikiliza na kusema: huyu bwana anazungumza juu ya maji kana kwamba tunakaa ziwani. Naijua hoja hiyo. Uwanda wa Makonde una shida ya maji ya miaka mingi. Wapo walio hai wanaokumbuka kuteremka ukingoni mwa uwanda kwenda kuyatafuta bondeni, na ndiyo sababu mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulianzishwa tangu miaka ya 1950. Hata hivyo, angalia vizuri. Kazi kubwa ya achari hufanywa na chumvi na jua, na vyote viwili tunavyo. Chumvi huvunwa pwani ya Lindi na Mtwara. Jua halina ankara. Maji ya kuchemshia chupa yanaweza kutumika kwa chupa za kwanza na za pili, kisha yakafulia.

Yapo mambo 2 ya kukataza kabisa. La kwanza ni chupa. Katika nchi ya korosho kila mwaka hununuliwa dawa za kupulizia mikorosho, na vyombo vyake huzagaa. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya shambani hakioshiki kikawa cha chakula. Kitobolewe, kisirudi jikoni. La pili ni siki ya kubahatisha. Uraka ukiachwa wazi huchacha na kuwa siki, na siki hiyo inafaa kutiwa kwenye kachumbari ya kula leo. Lakini ukali wake haujulikani, na wa leo si wa kesho. Usiikabidhi achari ya miezi 6.

Nimetaja uraka, kwa hiyo sina budi kutaja mabibo. Bibo lina uzito wa kama mara 8 hadi 10 ya korosho iliyoning'inia chini yake. Msimu wa 2017/2018 nchi yetu ilivuna korosho zaidi ya tani 300,000. Piga hesabu mwenyewe: hizo ni zaidi ya tani milioni 2 za mabibo. Sehemu kidogo ilinywewa kama uraka, nyingine ikapikwa gongo na kuvunja nyumba za watu, na sehemu kubwa ililala chini ya mikorosho ikaoza. Na hilo ni tunda lenye vitamini C kuliko chungwa, mara kadhaa. Kosa lake ni ukakasi. Kule Uhindi huchukua mabibo machanga, huyakata, huyaloweka siku 3 katika maji ya chumvi yanayobadilishwa kila siku, ukakasi ukapungua, kisha huyafanya achari kama tulivyofanya embe. Jambo hilo linawezekana Newala, linawezekana Masasi, na linawezekana Nanganga.

Sasa nakuja kwenye soko, maana najua swali hilo lilikuwa midomoni tangu mwanzo. Mara nyingi vikundi vyetu huanza kwa kuuliza: tutamwuzia nani? Hununuliwa chupa za bei kubwa, huchapishwa lebo za rangi, hualikwa mgeni rasmi, na achari yenyewe bado haijaonjwa na watoto wa wanakikundi. Msimu wa pili chupa ni za kuwekea mafuta ya taa. Mimi nasema tuanze kinyume chake. Mwaka wa kwanza tengeneza chupa 6 za nyumbani kwako. Mwaka huo utajifunza ni kifuniko gani hushika, chumvi gani huzidi, na achari ya nani huota ukungu kwa sababu alichotea kijiko chenye maji. Mwaka wa pili mpe jirani, mpe mwenye mgahawa wa chipsi na nyama ya kuchoma pale njia panda, umsikilize anavyosema. Ukishaona wanarudi kuuliza, hapo ndipo uende SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, likusaidie mafunzo na vifungashio. Halafu uende TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula. Msafiri anayenunua chupa dirishani haoni jiko lako. Anaweka maisha yake mikononi mwako kwa imani tu. Mmoja akiugua, hatauliza ni chupa ya nani. Atasema ni achari ya Nanganga, na wote mtakuwa mmefungiwa soko.

Nimalizie kwa neno la kiasi. Achari ni kitoweleo, si mlo. Ina chumvi nyingi, na mwenye shinikizo la damu aionje tu. Haitaondoa njaa ya nyumba isiyo na unga. Lakini kijiko kimoja pembeni ya sahani mwezi wa Aprili humfanya mtoto amalize ugali wake. Na chupa 6 zilizopangwa uvunguni ni embe ambazo safari hii hazikuuzwa kwa bei ya sabuni.

Msimu ujao, jioni, beseni likibaki nusu, usilitupe na usiligawe kwa hasira. Menya, tia chumvi, funika. Asubuhi utakuta kazi imekwisha anza bila wewe.