Mkonge Uliposhuka Bei: Hotuba kwa Wanachama



Jambo tutakalolinena ni ukosefu wa kazi, na mfano wetu ni mkonge wa Tanga katika miaka ya dhiki iliyoanza mwaka 1929. Twauchagua kwa kuwa waonyesha jinsi mshahara wa karani ulivyofungamana na jasho la mkata mkonge.

Mkonge si mmea wa asili ya nchi hii. Dr. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na mwanzo huo mdogo yalitokea mashamba makubwa yaliyolisha maelfu ya watu.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na biashara ya dunia ikalegea. Mkonge, uliokuwa ukiuzwa zaidi ya pauni 30 kwa tani mwaka ule, ulishuka hata chini ya nusu ya bei hiyo. Ajabu ni kwamba mavuno hayakupungua, bali yaliongezeka. Kila shamba lilikuwa na gharama zake. Basi wenye mashamba walikata zaidi ili wingi ufidie bei, na wingi huo ukazidi kuishusha. Lililobaki ni kumpunguzia mfanyakazi: mishahara ikakatwa, na watu wengi wakakosa kazi.

Naye aliyekosa kazi alidaiwa kodi vile vile. Asiye na fedha aliweza kutakiwa ailipe kwa nguvu za mikono yake. Kodi ilipopungua, hazina nayo ikapungua. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith alitoa taarifa juu ya fedha za Tanganyika, na neno kubwa la siku zile likawa kubana matumizi. Ndipo makarani walipotambua kuwa dhiki iliyoanzia shambani haikuishia mlangoni pa ofisi.

Tena kuna jambo la pili. Mapema mwaka 1933 wasio na kazi waliohesabiwa Uingereza walikaribia milioni 3. Walihesabiwa kwa kuwa huko palikuwako bima ya wasio na kazi tangu sheria ya mwaka 1911, na daftari za kuwaandika. Kwetu mtu alirudi kijijini, ikasemwa kwamba ana shamba lake, na shida yake ikafichika. Asiyeandikwa hana wa kumsemea.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, aliyepunguzwa kazini asidharauliwe, maana mara nyingi bei ya mbali ndiyo iliyomwondoa, wala si uvivu wake. Pili, tuweke mfuko wa kuwasaidia wenzetu wakati wa neema. Wako wasemao kwamba mfuko huo ni mzigo kwa mwenye mshahara mdogo. Sisi twajibu kwamba mzigo ulio mzito zaidi ni kuanza kuchanga siku ambayo wote wamekwisha kupungukiwa. Akiba haiozi. Tatu, kila tawi liwe na daftari la wanachama waliokosa kazi: jina, kazi aliyoifanya, na siku aliyoachishwa. Kalamu tunayo, na hesabu twaijua. Haifai tuandike mambo ya kila mtu tukasahau ya ndugu zetu.