Likizo ya Agosti na Kazi Inayokuja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama walimu, Nakuru)



Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, watu hutuambia, "Ninyi walimu mna raha, mnalipwa kwa kulala." Basi leo tuwajibu. Likizo si zawadi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanya kazi apate siku za kazi zisizopungua 21 za mapumziko, pamoja na mshahara kamili, kila baada ya miezi 12. Mkata maua wa Naivasha anazo, dereva anazo, na mwalimu anazo. Tofauti ni kwamba mwalimu hachagui mwezi. Yeye hupumzika shule zikifungwa. Akinyang'anywa siku hizo, atazipata wapi nyingine?

Tumeulizana mipango yetu ya likizo. Wa Molo anataka kuchimba viazi kabla havijaoza kwa mvua. Wa Rongai ana mahindi yake ya kuangalia. Anayefundisha mbali na kwao anataka kukaa na watoto wake, wamzoee tena. Hii ni mipango ya watu wa kazi, wala hatuionei haya.

Lakini kazi yenyewe inabadilika. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, wakagawanyika katika njia tatu: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, na sanaa na michezo. Wakati huo huo wale wa mwisho wa 8-4-4 bado wamo shuleni, na mtihani wao wa KCSE ni mwaka 2027. Maana yake mwalimu mmoja anabeba mitaala miwili, na maazimio ya kazi ya namna mbili. Na yule ambaye somo lake halikuchaguliwa na wengi analala akiwaza, je, nitahamishwa?

Kwa hiyo mafunzo yanatakiwa, hatukatai. Tunachouliza ni haya: yafanywe siku za nani, na kwa fedha ya nani? Mwaka 2021 yalipotangazwa mafunzo ya lazima, kila mwalimu aliambiwa alipe shilingi 6,000 kwa mwaka. Tena mwenzetu mmoja, ambaye hatumtaji wala shule yake, aliitwa semina siku tano katikati ya likizo. Nauli ilitoka mfukoni mwake. Viazi vyake vilioza ardhini. Shule zilipofunguliwa alikuwa amechoka kuliko siku zilipofungwa. Mtu kama huyo atafundishaje jambo jipya?

Wazee wetu walikuta mambo magumu kuliko haya. Chama cha walimu kilipoanzishwa mwaka 1957, walimu walikuwa na waajiri wengi, misheni huku na halmashauri kule, na masharti hayakuwa sawa. Walidai mwajiri mmoja kwa wote, na mwaka 1967 Tume ya Kuwaajiri Walimu ikaundwa kwa sheria. Hawakupata kwa kunung'unika katika chumba cha walimu.

Basi tunawaomba mambo matatu likizo hii.

Kwanza, kila anayeitwa kazini wakati wa likizo aandike tarehe, mahali, na fedha aliyotumia, kisha ampe mwakilishi wa tawi. Wakubwa hawajibu manung'uniko, bali hujibu karatasi yenye hesabu.

Pili, walimu wa somo moja walio jirani, kama wa Njoro kwa Njoro na wa Subukia kwa Subukia, wakutane siku moja au mbili kwa hiari yao, waandae maazimio ya kazi pamoja. Mzigo wa mmoja ukigawanywa kwa watano ni mwepesi. Na yule anayeogopa kuhamishwa aje aseme mapema, asingoje barua.

Tatu, siku zilizobaki ni zako. Chimba viazi. Mwone mama. Lala.

Chama kitadai mafunzo yawe ndani ya siku za kazi, na nauli ilipwe. Lakini chama hakiwezi kudai siku ambazo mwenyewe umezitoa bure ukanyamaza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawatakia likizo njema, turudi na nguvu.