Soma Hata Mtandao Ukikatika

Leo tunaongea na wanafunzi wa vyuo vikuu na walimu wao.

Tangu mwaka 1989, Butembo ina Université Catholique du Graben. Lakini mwanafunzi akirudi nyumbani Manguredjipa, mtandao unasumbua na mega ni ghali. Je, masomo yasimame? La hasha.

Iko programu ya bure iitwayo Kiwix. Ukiwa mjini, ipakue pamoja na faili ya Wikipedia ya Kifaransa. Ukifika nyumbani, andika humo, kwa mfano, “paludisme” (malaria), usome bila kulipa hata franka moja. Mwenzako hana? Mpe kwa kadi ya kumbukumbu au Bluetooth.

Nawe mwalimu, rekodi maelezo ya somo kwa sauti, faili iwe nyepesi, uwagawie wanafunzi kabla hawajaondoka. Angalizo: Wikipedia huandikwa na watu wengi na huweza kukosea. Linganisha na vitabu, muulize mwalimu.

Kwa hiyo, mwanafunzi, kabla hujapanda pikipiki kutoka Butembo, jaza simu moto na upakue masomo yako.