Mtihani wa Leseni Uwekwe Wapi?

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu hapa Birmingham. Waliokosa kufika wameomba niyaandike.)

Nimepewa dakika kumi, na nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo nikipiga miayo mnisamehe.

Hapa kwetu kila siku tunabishana kama mitihani ya leseni ni migumu au ya uonevu. Mimi nauliza jingine: unafanywa lini, na mtu akifeli wakati huo, hasara inamwangukia nani?

Nianze na yangu. Nilisoma shahada ya uuguzi Dar es Salaam miaka 4, nikafanya mwaka wa utarajali, nikafanya kazi wodi ya upasuaji. Nilipokuja huku 2022 nilikuwa nimeshafaulu mtihani wa kompyuta nikiwa nyumbani. Ukabaki ule wa vitendo, ambao sharti uufanye mara ya kwanza ndani ya wiki 12 tangu uanze kazi. Wiki hizo nilivaa sare ya msaidizi na kulipwa mshahara wa chini, mimi niliyekuwa nashika zamu ya wodi nzima.

Vituo vilikuwa 10. Nilifeli kimoja. Dawa nilizijua, ila nilisoma jina la mgonjwa kimoyomoyo kama nilivyozoea, na huku usipotamka msimamizi akasikia, hukufanya. Kurudia kulinigharimu pauni 397, nikazilipa mwenyewe. Ningeambiwa kosa hilo nikiwa mwanafunzi, lingekwisha kwa dakika moja.

Sasa mtazameni binti aliyesomea hapa. Miaka 3, saa 2,300 za mafunzo ya vitendo, chuo kinamthibitisha, anasajiliwa. Mtihani wa taifa hana. Simwonei kijicho, maana makosa yake yalisahihishwa wodini akiwa bado na mwalimu. Hapo ndipo penyewe.

Kwa madaktari mambo yamebadilika. Zamani kila chuo cha Uingereza kilitunga mtihani wake wa mwisho. Kuanzia wanaohitimu mwaka wa masomo 2024/25, wote wanafanya UKMLA: mtihani wa nadharia wa maswali 200, na vitendo vinavyosimamiwa na chuo chenyewe. Angalieni wakati uliochaguliwa. Mwanafunzi yuko bado chuoni, ana mwalimu, ana wenzake wa kusoma nao. Akifaulu na kuhitimu anapata usajili wa muda, anafanya kazi mwaka mmoja, ndipo anapewa usajili kamili. Watoto wenu walioko University of Birmingham na Aston wamo humo, na mimi nasema ni mpango mzuri.

Mdogo wangu aliyemaliza udaktari Dar, miaka 5 na mwaka wa utarajali, njia yake ni PLAB. Kwanza Kiingereza, kisha sehemu ya kwanza, kisha ndani ya miaka 2 sehemu ya pili, na hiyo ya pili inafanyika Manchester tu. Ada yake peke yake ni kama pauni 1,000, bado viza, ndege na pa kulala. Wakubwa wanasema kiwango ni kilekile cha UKMLA. Nakubali, na mgonjwa anastahili hivyo. Lakini mmoja akifeli anarudi kwa mwalimu, mwingine anarudi kwa mama aliyekwisha kuuza kiwanja. Tena akifaulu, kazi haina uhakika. Julai 2025 serikali ilitangaza katika mpango wake wa afya wa miaka 10 kwamba waliosomea hapa watapewa kipaumbele kwenye nafasi za ubingwa. Nchi ina haki ya kuanza na watoto wake. Ila mtu aambiwe kabla hajalipia mtihani.

Wapo watakaosema tufanye kama Marekani, ambako hata mwanafunzi wa nje akishamaliza miaka 2 ya udaktari anaruhusiwa kufanya hatua ya kwanza. Kuwahi kuna ubaya wake pia. Alama za mtihani ule zilitawala maisha ya wanafunzi mpaka Januari 2022 zikaondolewa, ikabaki kufaulu au kufeli.

Pendekezo langu: karatasi ya maandishi ifanywe mwaka wa mwisho chuoni, Dar, Nairobi, popote, na vyuo vyetu vibebe sehemu ya jukumu. Vitendo vije baada ya utarajali, maana mkono hufundishwa wodini. Tuwaandikie wabunge wa hapa na mabaraza ya nyumbani, siyo kulalamika kwenye chai tu.

Mdogo wangu aliniuliza kama alipie Manchester mwezi ujao. Nikamwambia asubiri, tuhesabu kwanza. Tangu Jumapili hapokei simu yangu.

Naomba kuwasilisha.