Bwana Sakarani na Waliokuwa Mbele ya Bunduki

Jeshi lisilo na majina ya utani sijalisikia. Kijana akishalala wiki mbili handakini, mkuu wake hamwiti tena kwa cheo peke yake. Wengi wenu mnaikumbuka vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na mnamkumbuka Silas Mayunga. Vijana walimwita Mti Mkavu, nasi raia tukalidaka jina hilo, tukalipenda. Ndani yake mna heshima na mapenzi pamoja. Askari anasema: huyu ni wetu, tukimfuata tutarudi.

Leo nina jina jingine, la zamani zaidi, lililovuma katika uwanda huu wetu wa kati. Ofisa wa Kijerumani Tom von Prince askari wake walimwita Bwana Sakarani. Sakarani ni mlevi. Lakini msidhani walimcheka kwa ajili ya chupa. Ulevi waliousema ulikuwa wa vita. Risasi zikilia, bwana huyo alikuwa kama aliyepandwa na mashetani. Askari wale, kwanza Wasudani na Wazulu wa kukodiwa, baadaye Wanyamwezi na Wamanyema, walimpenda mkubwa wa namna hiyo. Mkubwa akishinda, ngawira ipo.

Sasa twende upande wa pili wa bunduki. Januari 1893 Sakarani aliivunja ngome ya Isike kule Tabora, na Isike akajilipua katika ghala la baruti. Mwaka 1894 alikuwamo katika kuiangusha Kalenga, makao ya Mkwawa, ambako wanawake na watoto wengi walitekwa. Kisha akaweka boma Iringa, na Mkwawa akawindwa mpaka 1898, huku mashamba na maghala ya Wahehe yakiteketezwa. Mama aliyetazama chakula cha wanawe kikigeuka majivu hakuwa na sababu ya kumtania mtu.

Tena watu wetu walijua sana kutoa majina. Carl Peters alipopita Ugogo mwaka 1890, akitokea Uganda, alichoma vijiji na kuswaga ng'ombe. Huyo anajulikana kwa jina la Mkono wa Damu. Hapo hakuna utani. Hata serikali yake ilimfukuza kazi mwaka 1897, kwa kuwanyonga Waafrika wawili kule Kilimanjaro, mmoja mtumishi wake na mwingine msichana.

Msiseme hayo ni ya enzi za Wajerumani tu. Jirani zetu wa Ituri, Kongo, wanamjua Germain Katanga, aliyeitwa Simba. Februari 2003 kijiji cha Bogoro kilishambuliwa, raia wakauawa. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kifungo cha miaka 12 kwa kusaidia uhalifu huo. Ukikaa nyuma ya Simba unajiona salama. Bogoro walikuwa mbele yake.

Kinachonikera ni kwamba jina la nyuma ya bunduki huishi zaidi. Prince alipoacha jeshi alilima Usambara, na mahali pale karibu na Soni panaitwa Sakarani mpaka leo. Watalii hupelekwa, na jina husimuliwa kwa tabasamu. Mwenyewe aliuawa Tanga, Novemba 1914, vita kuu ilipoanza.

Vita hiyo hiyo ndiyo iliyoimaliza Ugogo. Wajerumani kwanza, na Waingereza tangu 1916, walichukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipogoma, vihenge vilikuwa vitupu tayari. Kati ya 1917 na 1920 inakadiriwa watu wapatao 30,000 walikufa. Vitabuni utasoma sana juu ya ushujaa wa Jenerali Lettow-Vorbeck na mapenzi ya askari wake kwake. Wagogo hawakushughulika na jina la jenerali yeyote. Waliipa jina njaa. Waliiita Mtunya, maana yake kugombania.

Wazee walioiona Mtunya wameshatutoka. Wajukuu na vitukuu wao wapo, na wengine naamini wananisikiliza sasa hivi Bahi, Mvumi na Kongwa. Nawaomba walichosimuliwa na bibi zao wakiandike, hata kwenye daftari la shule.