Daktari, Siasa na Ulinzi wa Sheria

Tunawashukuru kwa kuweka chini vikapu vya majani chai ili tuzungumze juu ya haki.

Wengi huuliza: mtibu wa wagonjwa anatafuta nini katika siasa? Tuitazame njia ya Dakta Kizza Besigye wa Uganda. Alihitimu udaktari Makerere mwaka 1980. Mwaka 1982 aliingia msituni pamoja na wapiganaji wa Yoweri Museveni, akawa daktari wake. Walipotwaa serikali mwaka 1986, akafanywa waziri mdogo. Lakini mwaka 1999, angali mwanajeshi, aliandika waraka kwamba harakati yao imeuacha msingi wa kuwashirikisha watu wote. Kwa waraka huo akatishiwa mahakama ya kijeshi.

Aligombea urais mwaka 2001, 2006, 2011 na 2016. Mara mbili za kwanza alikwenda Mahakama ya Juu. Majaji walikiri kwamba sheria ya uchaguzi ilivunjwa, ila walio wengi wakashikilia kuwa kasoro hizo hazikuyageuza matokeo: 3 kwa 2, kisha 4 kwa 3. Katikati ya chaguzi hizo, Julai 2005, kura ya maoni ilirudisha vyama vingi.

Hatumfanyi malaika. Aliitumikia kwa miaka mingi serikali aliyokuja kuipinga, na mashtaka dhidi yake ni ya mahakama kuamua. Shauri letu ni sheria. Tarehe 16 Novemba 2024 alikamatwa kwa nguvu Nairobi, alikokuja kwa uzinduzi wa kitabu cha wakili Martha Karua. Siku 4 baadaye alionekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, yaamuru aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Tena, mtu hakabidhiwi nchi nyingine kabla hakimu hajasikiliza. Hakimu gani wa Kenya alimsikiliza? Tarehe 31 Januari 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha katiba, na Februari akapelekwa mahakama ya kiraia kwa shtaka la uhaini.

Wazee wetu waliodai kufutwa kwa kifungu cha 2A, kilichoondolewa Desemba 1991, walijua kwamba vyama vingi ni bure ikiwa mtu aweza kuchukuliwa usiku asijulikane aliko.

Basi, ndugu zetu, akichukuliwa mtu hapa, awe wa chama chenu au cha wapinzani wenu, andikeni jina lake, saa, mahali, namba ya gari na mashahidi. Ulizeni kituo cha polisi. Asipopatikana, wakili aiombe Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Makanisa yawe ya kwanza kubisha mlango. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: tusingoje ufike kwetu.

Mwenyezi Mungu awabariki.